Yeye atoke au wewe uhame? Ulinganisho wa makao na msaada kwa mama anayepigwa, pamoja na watoto wake

Mwanamke akipigwa nyumbani, swali la kwanza analoulizwa na majirani, dada zake na hata polisi ni "Sasa utaenda wapi?" Swali hilo lina haraka yake, na kuna usiku ambapo ndilo swali pekee la maana. Lakini limewafanya wengi waamini kwamba anayepigwa ndiye lazima abebe mabegi, awatoe watoto shuleni na kufunga biashara yake, huku aliyempiga akibaki na nyumba, kitanda na televisheni. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Tangu mwaka 2015 inasema mahakama inaweza kumtoa yeye.

Nimekuwa nikiwasindikiza kina mama kituoni, hospitalini na mahakamani hapa Mombasa, na wengi nawaona wakishika njia ya kwanza waliyotajiwa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna nyingine. Kwa hiyo nalinganisha njia nne: makao salama, kubaki nyumbani kwa amri ya mahakama, kurudi kwa wazazi, na kupanga chumba chako. Baada ya hapo nitawalinganisha watu wa kukusemea, maana pa kulala bila mtetezi hapadumu.

Kwanza pima hatari

Kuna hali ambazo hazina ulinganisho. Kama amewahi kukukaba koo, hata mara moja tu. Kama amesema atakuua au atawaua watoto. Kama ana bunduki au analala na panga. Kama amegundua kwamba unapanga kuondoka. Likiwepo hata moja kati ya haya, toka leo kwa njia yoyote iliyo karibu. Mambo ya nyumba na kesi yatafuata. Watu huona kukabwa koo ni ugomvi wa kawaida kwa sababu mara nyingi hakuachi alama, na kumbe ni miongoni mwa dalili kubwa kabisa kwamba mtu huyo anaweza kuua. Tena siku ya kuondoka na wiki zinazofuata huwa na hatari kuliko siku zile ulizokuwa ukivumilia. Ndiyo sababu huwa namwambia mtu asimtangazie mume kwamba anaondoka, hata kwa hasira.

Nambari 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa, hupokewa usiku na mchana na simu ni bure. Watoto wana yao, 116, nayo ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ukimaliza kupiga, futa nambari kwenye orodha ya simu.

Makao salama

Haya ni makao ambayo mahali yalipo hapatangazwi. Kwa kawaida hufiki na kubisha hodi. Unapelekwa na shirika, hospitali, polisi au afisa wa watoto. Ndani kuna kitanda, chakula, mshauri wa nasaha, na mara nyingi mtu wa kufuatilia kesi yako. Ubora wake mkubwa ni mmoja: hajui ulipo. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa hilo.

Gharama yake si pesa, ni uhuru. Makao mengi huzuia wageni na huweka masharti juu ya simu. Huendi kazini, au unaenda kwa mpango maalumu. Mama anayekaanga viazi karai jioni au kuuza mahamri asubuhi, akikosekana mwezi mmoja, wateja wamepata pengine. Watoto nao hawaendi shule yao ya kila siku, kwa sababu shule ndipo mahali pa kwanza baba atakapokwenda kuwatafuta.

Muda wa kukaa ni mfupi, kwa kawaida wiki kadhaa au miezi michache. Halafu lile swali la utaenda wapi linarudi. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, mara watoto wanapoanza kulala vizuri, anza kuuliza: nikitoka hapa mnanisaidia vipi? Kuna kodi ya mwezi wa kwanza? Kuna mtaji? Kuna wakili? Makao yenye majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko yenye magodoro mapya.

Mengi yanaendeshwa na mashirika na makanisa, na hayatoshi. Mwaka 2021 serikali iliahidi kwamba kaunti zote 47 zitakuwa na vituo vya kuwahudumia manusura pamoja na makao. Ahadi ile tunapaswa kuidai kaunti kwa kaunti. Mama wa Lamu au wa Tana River akiambiwa makao yako Nairobi, anaambiwa asafiri siku nzima na watoto kwenye basi ambalo utingo anamjua mumewe.

Kabla ya kukubali kupelekwa, uliza jambo moja ambalo wengi hulisahau: mnapokea mtoto wa kiume wa umri gani? Makao mengi yana kikomo, na mvulana wa miaka 13 anaweza kuambiwa atafutiwe mahali pengine. Nimemwona mama akigeuka mlangoni kwa sababu hiyo, na sikumlaumu. Ukiuliza mapema, afisa wa watoto ana nafasi ya kutafuta makao yanayowapokea wote, au jamaa wa kuaminika wa kukaa na kijana kwa muda.

Yeye atoke: amri ya ulinzi

Hii ndiyo njia isiyojulikana, na ndiyo nitakayoisemea kwa urefu. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamruhusu hakimu kutoa amri ya ulinzi: asikupige, asikutishe, asikukaribie wala kukufuata kazini. Zaidi ya hapo, anaweza kuamuru kwamba nyumba mnayoishi ubaki nayo wewe na watoto, yeye akae kando, hata kama mkataba wa kupanga una jina lake peke yake au nyumba ni mali yake. Amri ya muda inaweza kutolewa kabla yeye hajaitwa, ikiwa hakimu ameridhika kwamba kusubiri ni hatari. Akiivunja ametenda kosa, na anaweza kukamatwa kwa hilo tu, bila kungoja akupige tena.

Huhitaji cheti cha ndoa. Sheria inamlinda mke, aliyekuwa mke, mchumba, mtu mliyezaa naye, na jamaa mnaoishi nyumba moja. Inawalinda wanaume pia, ambao kwao makao karibu hayapo. Na dhuluma kwa mujibu wake si ngumi tu. Kukunyima pesa kwa makusudi imo. Kukufuatafuata imo. Wakwe kuingilia mambo ya nyumba yenu imo, nami nafurahi kila nikisoma kipengele hicho, maana ziko nyumba ambamo mume anapiga kwa mkono wake lakini kwa shauri la mamake. Kulazimishwa tendo la ndoa ndani ya ndoa kumetajwa waziwazi. Jambo hilo ni zito kwa sababu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka wanandoa kando kwenye kosa la ubakaji. Mke aliyeambiwa kituoni kwamba "mume hawezi kumbaka mkewe" bado ana mlango huu wa amri ya ulinzi.

Ukilinganisha na makao salama, faida zake zinaonekana mara moja. Watoto wanalala kitanda chao na kwenda shule yao. Biashara haifungwi. Majirani wanaokujua wako pale pale.

Udhaifu wake nao hauna kificho: ni karatasi. Mtu ambaye hamwogopi polisi hataiogopa. Pia anajua ulipo, tena anajua kitasa kipi kinafunguka kwa kisu. Sehemu ngumu zaidi huwa ni kumkabidhi amri yenyewe. Usikubali kumpelekea kwa mkono wako, omba ipelekwe na polisi au na mtu wa mahakama. Ikishatoka, piga nakala. Moja kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha karibu, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwenye nyumba au kea-teka, na moja ikae kwako daima. Badilisha kufuli siku hiyo hiyo.

Kuna nyumba ambazo amri hii inafaa na nyingine haifai. Fleti yenye geti na mlinzi inafaa sana. Nyumba yetu ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili inategemea ni nani wanaokaa vile vyumba vingine. Wakiwa wapangaji tu, sawa, wakiwa kaka zake, utakuwa umemtoa mmoja ukabaki na watatu. Boma la kijijini, nyumba yenu ikiwa ndani ya uwanja wa babake, mimi nisingemshauri mtu abaki, hata hakimu akikubali.

Hata ukichagua kuondoka, amri ina kazi. Mahakama inaweza kuruhusu urudi ukiwa na askari uchukue vitu vyako na vya watoto, na inaweza kumwamuru atoe pesa. Na kama mmeoana, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mwenzi kumfukuza mwenzake katika nyumba ya ndoa bila amri ya korti. Kwa Waislamu mambo ya mali ya ndoa yanaweza kwenda kwa sheria ya Kiislamu.

Kwa wazazi

Wengi huenda hapa, na ninaelewa kwa nini. Ni bure, watoto wana bibi na binamu, na hakuna fomu. Baba mwenye msimamo na kaka wawili wanaoamka usiku ni ulinzi wa kweli.

Ila yeye anajua njia. Isitoshe, siku ya tatu wanakuja wazee wake na soda na maneno mazuri. Hapo ndipo utakapojua umekimbilia wapi. Kama nyumbani kwenu mahari ilishaliwa na hakuna wa kuirudisha, au kama mama alikwisha kukuambia kwamba ndoa ni kuvumilia, utarudishwa, tena utarudishwa ukiwa umemfundisha mume kwamba kukimbia kwako hakuna matokeo. Kabla ya kuchagua njia hii, zungumza na mtu mmoja wa nyumbani ambaye neno lake hupita, umuulize waziwazi: wakija kunichukua utasema nini? Asipokuwa na jibu la haraka, tumia kwa wazazi kama kituo cha usiku mmoja, halafu songa mbele.

Chumba chako

Kina heshima, na kwa mwenye mshahara ni njia nzuri. Unahitaji kodi, amana na siri. Siri ndiyo hupotea. Laini yako ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake, hata M-Pesa yako iko mikononi mwake. Sajili laini mpya kwa jina lako kabla ya kuhama na uhamishe pesa kidogo kidogo. Simu aliyopewa mtoto na babake inaweza kuonyesha mko wapi, kwa hiyo zima kipengele cha mahali au uiache.

Wala kumiliki nyumba pekee si kinga. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia mbio za marathoni katika Olimpiki za Paris, alikuwa na nyumba yake Trans Nzoia. Alimwagiwa petroli na kuchomwa hapo na aliyekuwa mpenzi wake, akafariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimekuwa cha mzozo kati yao. Pale ambapo mtu amedhamiria, chumba chako kinataka amri ya ulinzi juu yake.

Watoto, ambao mara nyingi ndio huamua

Mtoto wa chini ya miaka mitano huhamika kwa urahisi ukiwa na kadi yake ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Wa Gredi ya 6 au ya 9 ana mtihani wa kitaifa na amesajiliwa katika shule yake; ukihama muhula wa tatu unahitaji mwalimu mkuu anayejua hali yako na anayeweza kunyamaza. Hapo ndipo amri ya ulinzi hushinda makao, kama hatari inaruhusu.

Kina mama wengi huogopa kushtakiwa kwamba wameiba watoto. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo mapema, huduma yake hulipii, ueleze kwa nini umeondoka nao, na iandikwe. Kisha Mahakama ya Watoto ndiyo itakayoamua malezi na matunzo kwa Sheria ya Watoto ya 2022, ikitazama maslahi ya mtoto kwanza. Baba hapotezi wajibu wa kulisha kwa sababu ametolewa nyumbani.

Wala usiseme mtoto hakuona. Alisikia.

Nani wa kukusemea

Dawati la jinsia la kituo cha polisi ndilo huandika malalamiko yako na kukupa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Usiondoke bila nambari hiyo. Sheria ya 2015 inampa askari wajibu wa kukueleza hatua zote na kukusaidia kupata makao na matibabu, na unaweza kuomba kuandikisha taarifa kwa askari mwanamke. Fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha yako kwa ajili ya kesi, ni bure. Kuna madawati yenye maafisa wema wanaotoa pesa yao ya nauli, na kuna pengine utaambiwa "nendeni mkayazungumze". Ukikutana na hao, usibishane peke yako, rudi na mtetezi.

Hospitali ni mlango bora kuliko kituo kwa aliyeumia au kubakwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120; polisi wanaweza kungoja, saa hizo hazingoji. Kituo cha kuwahudumia manusura kilichoanzishwa mwaka 2001 katika Nairobi Women's Hospital hutoa matibabu na nasaha bila malipo, na hospitali kuu kadhaa za umma zina vitengo kama hicho, ikiwemo hospitali kuu ya Pwani hapa Mombasa. Kumbukumbu za daktari aliyekuona siku hiyo zitakusaidia kortini kuliko mashahidi wengi.

Kwa mambo ya sheria, FIDA-Kenya, shirika la wanasheria wanawake, imekuwepo tangu 1985 na ina ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Huwafundisha wanawake kujiwakilisha wenyewe mahakamani, na kwa kesi ngumu huweza kuwapa wakili. Huku Pwani kuna Sauti ya Wanawake, wanawake wa mitaani na vijijini wanaokujia hadi mlangoni. Hawa si lazima wawe mawakili, lakini watakaa nawe kwenye benchi la korti mpaka jina lako liitwe. Kama ningelazimika kuchagua mmoja tu, kwa kesi ya mali na watoto ningechukua wakili, na kwa mama aliyevunjika moyo ningechukua yule wa benchi.

Chifu na wazee wa Nyumba Kumi wana kazi zao: barua ya utambulisho, ushahidi kwamba walikuona ukivuja damu, usaidizi wa kitambulisho kilichochanwa. Kazi yao si kusuluhisha ubakaji au kuvunjwa mkono. Kesi ya mtoto aliyenajisiwa haimalizwi kwa mbuzi na faini barazani, hiyo ni kesi ya serikali.

Kadhi ni wa talaka, fasakh (kuvunjwa kwa ndoa na kadhi) na nafaqa, yaani matunzo ya mke. Mwanamke aliyeachwa talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, ana haki ya makazi na nafaqa katika eda yake, na mwenye haki hiyo aidai. Lakini ikiwa mtu anapiga, usikae naye paa moja kwa sababu ya eda. Nenda kwa hakimu upate ulinzi, mambo ya ndoa yaendelee kwa kadhi sambamba.

Mimi ningechagua vipi

Aliyekabwa koo au kutishwa kwa silaha: makao salama, na ombi la amri lipelekwe akiwa huko. Sioni mjadala.

Anayepigwa na mlevi anayetubu asubuhi, mwenye kazi ya kupoteza na nyumba mjini ya kupanga, mwenye watoto shuleni: amri ya ulinzi, mama abaki, mume atoke. Hawa ndio wengi ninaowaona wakihama bure.

Anayenyimwa pesa na kutukanwa, bado hajapigwa: aanze na wakili na laini mpya, akijipangia chumba bila haraka, na aandike tarehe za matukio mahali ambapo mume hafiki.

Anayeishi katika boma la ukoo: aondoke, kwa wazazi kama wana msimamo, kwa makao kama hawana.

Na anayeishi mbali na kila kitu, ambako makao hayapo na korti inakaa siku chache kwa mwezi: aanzie hospitali au kwa afisa wa watoto, kwa sababu hao wapo hata pale ambapo mashirika hayajafika, na wanaweza kumpeleka kaunti nyingine. Akipiga 1195 aseme mambo matatu kabla ya simu kukatika: yuko wapi sasa, ana watoto wangapi na wa umri gani, na kama mume ana silaha.